IBN NAFIS: FAKIHI ALIYEIJUA NJIA YA DAMU



Sisi wa milima ya Usambara huziona kazi za mishipa ya damu kila siku. Asubuhi ya Julai hapa Lushoto vidole hutuganda, kwani mishipa ya ngozi hujibana ili joto lisipotee. Tukipanda mlima na mzigo kichwani, mishipa ya misuli na ya ngozi hutanuka, damu hupita kwa wingi na jasho hututoka. Pumzi nazo huongezeka. Je, damu na pumzi hukutana wapi? Wa kwanza anayejulikana kulieleza hilo sawasawa ni Mwislamu, Alauddin Ibn Nafis.

Alizaliwa karibu na Damascus, nchi ya Sham, mwanzoni mwa karne ya 13. Alisomea utabibu katika hospitali ya Nuri mjini humo, kisha akahamia Cairo. Huko alitibu wagonjwa, na pia alifundisha fiqhi ya Imamu Shafi, madhehebu ileile inayofuatwa na Waislamu wengi wa kwetu.

Kwa zaidi ya miaka 1,000 matabibu walimfuata Galen, Mgiriki aliyesema kuwa damu hupenya matundu madogo katika ukuta wa kati wa moyo. Ibn Sina naye alikuwa katika rai hiyo. Mwaka 1242, akikisherehesha kitabu cha Ibn Sina, Ibn Nafis alikataa. Alieleza kuwa ukuta ule ni mzito na hauna tundu. Damu hutoka upande wa kulia wa moyo, huenda mapafuni, huchanganyika na hewa, ndipo hurudi upande wa kushoto. Aliwaheshimu waliomtangulia, lakini hakuyafuata makosa yao.

Inasimuliwa kwamba katika maradhi yake ya mwisho alishauriwa anywe mvinyo kama dawa, akakataa kukutana na Mola wake na pombe tumboni. Alifariki Cairo mwaka 1288 (687 Hijria), akiwa ameiachia hospitali ya Mansuri nyumba yake na vitabu vyake.

Hata hivyo, maelezo yake yalisahauliwa. Huko Ulaya sifa ya kugundua mzunguko wa damu alipewa William Harvey, aliyeandika mwaka 1628. Ni mwaka 1924 tu daktari wa Kimisri, Muhyiddin Tatawi, alipoukuta mswada wa Ibn Nafis katika maktaba ya Berlin.

Tunajifunza nini? Fiqhi na sayansi zilikaa pamoja katika kifua kimoja, basi mwanafunzi asiache daftari la baiolojia kwa kisingizio cha chuo, wala chuo kwa kisingizio cha shule. Na elimu isiyosomwa hulala kabatini, hata ikiwa ni ya kweli.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.