Mackay, Mzungu wa Kazi

Kabla ya likizo iliyopita nilimchongea bibi yangu gongo la kutembelea katika karakana ya shule. Nililipiga msasa na vanishi, na kila aliyeliona alilisifu. Bibi alinishukuru sana, kisha akalitundika nyuma ya mlango. Lilikuwa refu mno, kwa sababu sikumpima. Ndipo nilipoanza kusoma habari za Alexander Mackay, fundi aliyekaa Natete, hapa Kampala, zamani za Kabaka Mutesa wa Kwanza.

Mackay alizaliwa Rhynie, Scotland, mwaka 1849. Baba yake alikuwa mchungaji naye akatumaini mwanawe atamfuata, lakini kijana alipenda kuwatazama wahunzi na maseremala. Alijifunza ufundi wa mitambo Edinburgh, na mwaka 1873 akaenda Berlin kuchora michoro ya mashine. Huko alibuni mashine ya kilimo iliyopata tuzo ya kwanza katika maonyesho ya Breslau. Mtu mwingine angeridhika na hayo.

Mwaka 1876 alifika Unguja. Homa ilimshika vibaya hata akaamriwa arudi kwao, lakini hakurudi. Mwaka 1877 alisimamia ukataji wa njia kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, kadiri ya maili 230. Huko Kagei, kusini mwa ziwa, alikuta mizigo ya wenzake imetapakaa, zana na vipande vya injini vimeshika kutu. Akavisafisha, akaitengeneza mashua yao, na Novemba 1878 akaingia Buganda.

Wenzangu, hapa ndipo ninapomstahi zaidi. Hakungoja mashine nzuri kutoka Ulaya. Pale Natete alichimba kisima akakitia bomba, na watu wakastaajabu kuona maji yakipanda badala ya kuteremka. Waliotaka kusoma walikuwa wengi na vitabu havikuwapo, basi akachonga herufi za mbao kwa mkono wake, akapiga chapa karatasi za Kiganda. Kila herufi ni lazima ichongwe kinyume ili isomeke sawasawa. Mimi nilijaribu herufi moja tu, G, nikapoteza nusu ya mchana, na bado ilitoka kichwa chini.

Mama yake Kabaka alipofariki mwaka 1882, Mutesa alitaka majeneza matatu, moja ndani ya jingine, na la katikati liwe la shaba. Mabamba ya shaba hayakuwapo. Mackay alitwaa sinia na vyombo vya shaba, akavifua vikawa bapa, akaviunganisha. Wengi huisimulia kazi hiyo kuliko zote. Kwangu mimi kisima kinaishinda, maana walio hai walikunywa maji yake. Si ajabu watu walimwita Mzungu wa Kazi.

Mutesa alifariki mwaka 1884, na mwaka 1887 Kabaka Mwanga akamfukuza Mackay. Alihamia Usambiro, ng'ambo ya ziwa, akaendelea na kazi zake hata homa ilipomwua tarehe 8 Februari 1890. Alikuwa na umri wa miaka 40, na tangu aondoke kwao hakurudi hata mara moja. Mwaka 1927 mifupa yake ililetwa Namirembe ikazikwa karibu na kanisa.

Nilikwenda kuliona kaburi lake Jumapili moja. Kutoka hapo nilipita dukani nikanunua utepe wa kupimia. Bibi nimekwisha mwandikia kwamba gongo asimpe mtu kuni.