George Washington Carver, yatima aliyepona kati ya mimea



Wengi wetu tumesikia jina la George Washington Carver kwa sababu ya karanga. Wanaofundisha ukulima humtaja, na wengine husema ndiye aliyevumbua siagi ya karanga. Hilo si kweli, kwa maana watu walisaga karanga na kuzila zamani sana kabla yake. Leo tunapenda kuongea juu ya upande mwingine wa maisha yake: mtoto aliyenyang'anywa mama yake na watu wenye silaha, na mahali alipopata kupona.

Alizaliwa mtumwa karibu na Diamond, katika jimbo la Missouri, Marekani, kama mwaka 1864. Tarehe yenyewe haijulikani, maana kuzaliwa kwa mtoto wa mtumwa hakukuandikwa popote. Kilichoandikwa ni bei ya mama yake. Mama huyo aliitwa Mary, na mkulima Moses Carver alimnunua mwaka 1855 kwa dola 700.

Marekani ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Missouri ilikuwa katikati ya pande mbili. Vikundi vyenye silaha vilizunguka usiku, vikipora farasi, mali na watu. Kundi moja lilifika kwa Carver, likamchukua Mary pamoja na mtoto wake mchanga, likaelekea Arkansas. Moses Carver akatuma mtu awatafute. Yule mtu alirudi na mtoto peke yake, akiwa mahututi kwa kifaduro, na akalipwa farasi kwa kazi hiyo. Mary hakuonekana tena. Hakuna aliyejua kama aliuawa, aliuzwa, au ugonjwa ulimwangusha njiani.

Kati yenu mnaosoma wako wanaoelewa jambo hili bila kuelezwa. Aliyefiwa huzika, hukaa matanga, na siku moja huondoa matanga. Lakini ambaye mtu wake ametekwa, ataondoa matanga siku gani?

Mtoto alibaki kwa Moses na mke wake Susan. Alikuwa dhaifu, na ule ugonjwa ulimwachia sauti nyembamba iliyodumu maisha yake yote. Kaka yake Jim alikuwa na nguvu, akafanya kazi ya shamba. George alibaki nyumbani na mama Susan akijifunza kupika, kufua na kushona. Kazi zilipoisha alikimbilia msituni. Alirudi na majani, maua, mawe na wadudu mifukoni, hata akakatazwa kuingia navyo ndani ya nyumba. Kwa kuwa watu waliona kutunza maua ni kupoteza wakati, alitengeneza bustani yake kwa siri vichakani. Huko alihamishia mimea iliyokuwa ikifa, akaipa udongo mzuri, akaangalia ni ipi inataka jua na ipi inataka kivuli. Polepole majirani wakaanza kumletea mimea yao iliyougua. Wakamwita daktari wa mimea. Sisi tungesema munganga wa mimea.

Tunaona hapa jambo ambalo wanaokaa na mayatima wanalijua. Mtoto ambaye kila mtu anamhurumia huchoka kuhurumiwa. George alipata kitu kilichokuwa dhaifu kuliko yeye, kikamhitaji, na kikaishi kwa sababu yake.

Hatusemi habari za msitu kama watalii. Katika vijiji vyetu vingi vya Kivu na Ituri, msitu ndiko waliko wenye bunduki, na mama anayekwenda kutafuta kuni huomba kwanza. Kwa mtoto George pia, watu waliomchukua mama yake walitoka katika giza lilelile la porini. Tunaandika juu yake kwa sababu hiyo. Hakuwaachia wale watu udongo na miti iwe mali yao.

Alipokuwa na umri wa kama miaka kumi, alipiga magoti ghalani akaomba kwa mara ya kwanza, baada ya mtoto jirani kumweleza sala ni nini. Tangu hapo kuomba na kutembea kati ya mimea vilikuwa kwake kitu kimoja.

Shule ya karibu haikupokea watoto weusi, basi alikwenda Neosho, safari ya kilomita 13 hivi. Huko mkunga aitwaye Mariah Watkins na mume wake Andrew walimpokea nyumbani kwao. Mama Mariah alimpa Biblia, na George aliisoma mpaka mwisho wa maisha yake. Baadaye alihamahama Kansas akifua na kupika ili alipe masomo. Huko Fort Scott, mwaka 1879, aliona kundi la watu likimuua mtu mweusi, akaukimbia mji huo. Mwaka 1883 Jim alikufa kwa ndui, akabaki peke yake kabisa. Chuo kimoja kilimkubali kwa barua, kisha kikamfukuza mlangoni kilipoona rangi yake.

Mwaka 1890 chuo cha Simpson, Iowa, kilimpokea, akasoma uchoraji. Alichora maua kwa ustadi. Mwalimu wake, Etta Budd, aliona kwamba mtu mweusi hatapata mkate kwa kuchora, akamwelekeza kwenye elimu ya mimea huko Ames. Alimaliza mwaka 1894, akapata shahada ya pili mwaka 1896. Mwaka huohuo Booker T. Washington alimwita Tuskegee, Alabama, afundishe wana wa waliokuwa watumwa.

Alikuta udongo umechoka. Pamba ilikuwa imepandwa juu ya pamba miaka mingi, na wakulima weusi walilima mashamba ya wengine huku madeni yakiongezeka. Wazee wetu wa Maniema na Uele, walioona pamba ya lazima wakati wa Wabelgiji, wataelewa. Maabara hakuwa nayo. Pamoja na wanafunzi aliokota chupa, masufuria na vyuma kwenye jalala, wakatengeneza vyombo. Mbolea ya dukani ilikuwa ghali kwa maskini, basi aliwafundisha kukusanya majani yaliyooza msituni na tope la mabondeni. Aliwaambia wapande kunde, karanga na viazi vitamu, kwa kuwa mizizi ya kunde na karanga hurudisha nitrojeni ardhini. Aliandika vitabu vidogo vya bei nafuu kwa wakulima, akieleza hata namna ya kupika walichovuna. Kuanzia mwaka 1906 gari lililovutwa na wanyama lilipeleka mafundisho hayo vijijini.

Kila siku aliamka saa kumi alfajiri akaenda porini peke yake. Huko ndiko alikoomba, na alirudi na ua ambalo alilivaa kwenye koti siku nzima, hata kama koti lenyewe lilikuwa limechakaa. Tangu mwaka 1907 aliongoza darasa la Biblia Jumapili jioni kwa miaka kama thelathini, na mara nyingi alishika jani au jiwe mkononi akieleza Neno.

Tusimfanye malaika. Hakuwa mwepesi wa kuongozwa. Aligombana na Washington juu ya mabanda ya kuku na taarifa za kazi, na mara kadhaa alitishia kuacha kazi. Lawama ndogo ilimuumiza sana. Mwaka 1924 gazeti kubwa la New York lilimkosoa kwa kusema kwamba Mungu humfunulia kazi yake, na jambo hilo lilimsumbua kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1930 aliwakanda waliopooza kwa polio akitumia mafuta ya karanga. Aliamini mafuta ndiyo yanayosaidia. Sisi tunadhani mikono yake na saa alizokaa nao zilifanya kazi zaidi. Wagonjwa walikuja kwa wingi.

Hakuoa. Fedha alizoweka, kama dola 60,000, alizitoa kwa ajili ya utafiti Tuskegee. Alikufa tarehe 5 Januari 1943, baada ya miaka 47 mahali hapo, akazikwa karibu na Washington.

Kati ya vitu vyake alikuwa ametunza karatasi ile ya mwaka 1855, yenye jina la Mary na dola 700, na gurudumu la kusokotea nyuzi ambalo mama yake alikuwa akilitumia.