Charles Kettering na Mota Iwashayo Gari

Bila shaka umepata kuona gari lililokataa kuwaka. Fikiri kwamba umesimama kando ya barabara huko Mwamanyili, katika Mkoa wa Simiyu, wakati wa mavuno ya pamba. Pikapu imepakia magunia machache na iko tayari kuondoka. Dereva anazungusha ufunguo, lakini husikii ila mlio mdogo: tak! Injini haizunguki. Vijana wanaitwa, wanaegemeza mabega yao nyuma ya gari, nao wanalisukuma mpaka injini inanguruma.

Kwa nini ilibidi gari lisukumwe? Sababu ni kwamba injini haiwezi kuanza kazi kwa nguvu zake yenyewe. Kwanza ni lazima pistoni zisogee, zivute hewa ndani na kuibana. Ndipo mafuta yanapoweza kuwaka na kuisukuma pistoni. Kwa hiyo kitu kingine ni lazima kiizungushe injini mara ya kwanza. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mota ya umeme ambayo mafundi huiita stata. Katika sura hii utasoma habari za Charles Kettering, mtu aliyebuni stata ya umeme ya kwanza kufaa kwa matumizi ya kila siku katika magari.

Utoto na masomo yake

Charles Franklin Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876 katika shamba karibu na mji mdogo wa Loudonville, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Tangu utoto macho yake yalikuwa dhaifu. Kila aliposoma kwa muda mrefu, kichwa kilimuuma sana. Hata hivyo, alipenda kujua jinsi vitu vinavyofanya kazi.

Alipokuwa kijana alifundisha katika shule za vijijini, kisha akaingia chuo kikuu kusomea uhandisi. Macho yake yalimlazimisha kuacha masomo. Je, alikata tamaa? La. Alipata kazi pamoja na mafundi waliokuwa wakisimika nguzo na kutandaza nyaya za simu. Kazi hiyo ilimpa mazoezi ya mikono na maarifa ya umeme. Baadaye alirudi chuoni, na wenzake wakawa wakimsomea vitabu kwa sauti. Mwaka 1904, akiwa na umri wa miaka 27, alihitimu uhandisi wa umeme.

Hendeli iliyovunja mikono ya watu

Katika siku hizo gari liliwashwa kwa chuma kilichopindwa kiitwacho hendeli. Dereva alisimama mbele ya gari, akaichomeka hendeli katika injini, akaizungusha kwa nguvu zake zote. Kazi hii ilikuwa nzito, nayo ilikuwa ya hatari. Ikiwa cheche ya umeme iliwaka mapema mno, pistoni ilirudishwa nyuma kwa ghafula. Hendeli nayo iligeuka kinyume kwa nguvu kubwa na kumpiga aliyeishika. Watu wengi walivunjika mikono, na wale ambao hawakuwa na nguvu za kutosha hawakuweza kuendesha gari bila msaidizi.

Wahandisi walijua kwamba mota ya umeme ingeweza kuizungusha injini. Lakini walipopiga hesabu, waliona kwamba mota hiyo, pamoja na betri yake, ingekuwa kubwa na nzito kupita kiasi. Wengi walidhani kwamba jambo hilo haliwezekani.

Wazo lililotoka dukani

Baada ya kuhitimu, Kettering aliajiriwa katika mji wa Dayton na kampuni iliyotengeneza mashine za kuhesabia fedha madukani. Mashine hizo zilizungushwa kwa mkono. Kettering alipewa kazi ya kuzitilia mota ya umeme, naye akafaulu. Katika kazi hiyo alitambua jambo moja muhimu, ambalo nawe unapaswa kulielewa vizuri.

Umeme upitapo katika waya huutia joto. Mota ifanyayo kazi mchana kutwa ni lazima iwe kubwa, la sivyo waya zake zitaungua. Lakini mota ya mashine ya fedha hufanya kazi kwa nukta chache tu, kisha hupumzika na kupoa. Kwa hiyo mota ndogo yaweza kupewa umeme mwingi kwa muda mfupi bila kuungua. Hali kadhalika, mtu aweza kubeba gunia zito la pamba kutoka garini hadi ghalani, ingawa hawezi kulibeba tangu asubuhi hadi jioni.

Wahandisi wengine hawakukosea katika hesabu zao. Walikosea katika swali. Wao waliuliza ni mota gani iwezayo kuizungusha injini daima. Kettering aliuliza ni mota gani iwezayo kuizungusha kwa nukta chache.

Mwaka 1909 Kettering na rafiki yake Edward Deeds walianzisha kampuni yao wenyewe, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Delco. Karakana yao ilikuwa katika ghala lililokuwa nyuma ya nyumba ya Deeds. Henry Leland, mkuu wa kampuni ya magari ya Cadillac, alitaka njia ya kuwasha gari bila hendeli. Kettering na wenzake walifanya kazi usiku na mchana, na mwezi wa Februari 1911 stata yao iliiwasha injini ya Cadillac. Magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yalitoka kiwandani yakiwa na stata hiyo. Baada ya miaka michache viwanda vingine vingi vilifuata.

Jinsi stata inavyofanya kazi

Dereva azungushapo ufunguo, umeme mwingi hutoka katika betri na kuingia katika stata. Kigurudumu kidogo chenye meno hushikana na meno ya gurudumu kubwa la injini liitwalo flaiwili. Tuseme kigurudumu kina meno 10 na flaiwili ina meno 120. Kigurudumu ni lazima kizunguke mara 12 ili flaiwili izunguke mara moja. Mwendo unapungua, lakini nguvu ya kuzungusha inaongezeka. Hivyo ndivyo mota ndogo inavyoishinda injini kubwa.

Injini ikishawaka huzunguka kwa kasi, na ingeweza kuiharibu stata kwa kuizungusha kupita kiasi. Kwa hiyo kuna kifaa kinachoruhusu nguvu kwenda upande mmoja tu, kama friwili ya baiskeli yako. Stata huisukuma injini, lakini injini haiwezi kuisukuma stata.

Stata katika magari ya zamani

Wazo la Kettering lingali linatumika mpaka leo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika ya Mashariki akiendesha gari aina ya Datsun 240Z. Magari ya michezo ya namna hiyo yangali yanapendwa na kutunzwa. Lakini stata zao za asili ni nzito, na hunywa umeme mwingi. Injini ikipata moto sana, stata iliyo karibu nayo hupata moto pia. Shaba yenye moto hupitisha umeme kwa shida zaidi kuliko shaba iliyo baridi. Basi dereva akisimama kidogo, gari hukataa kuwaka tena.

Kwa sababu hiyo wenye magari hayo hubadilisha stata ya zamani na kuweka stata yenye gia ndani yake. Mota yake ni ndogo na huzunguka kwa kasi zaidi, kisha gia hupunguza mwendo na kuongeza nguvu kabla ya kigurudumu kushika flaiwili. Stata hiyo ni nyepesi, hutumia umeme kidogo, na huizungusha injini kwa nguvu.

Jema na baya

Kuanzia mwaka 1920 hadi 1947 Kettering aliongoza utafiti wa kampuni ya General Motors. Kabla ya hapo, mwaka 1916, kampuni yake ilianza kuuza mitambo midogo ya umeme kwa wakulima waliokaa mbali na miji.

Lakini si kila kazi yake ilileta heri. Mwaka 1921 Thomas Midgley, aliyekuwa akifanya kazi chini yake, aligundua kwamba dawa yenye risasi ikitiwa katika petroli huizuia injini kugonga. Kettering aliiunga mkono biashara ya dawa hiyo. Risasi ni sumu. Mwaka 1924 wafanyakazi kadhaa waliotengeneza dawa hiyo walikufa, na mauzo yakasimamishwa kwa muda, lakini baadaye yaliendelea. Moshi wa magari ulitawanya risasi hewani, nayo hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021.

Kettering alifariki tarehe 25 Novemba 1958, akiwa na umri wa miaka 82. Aliiokoa mikono ya watu wengi isivunjwe na hendeli, lakini aliacha pia moshi uliodhuru watoto ambao hakuwaona kamwe. Nawe utakapobuni kitu, usiulize tu kama kinafanya kazi. Uliza pia kitamfanyia nini mtu aliye mbali nawe.

Jaribio

Geuza baiskeli, magurudumu yatazame juu. Hesabu meno ya gurudumu la mnyororo lililo kwenye pedali, na meno ya lile dogo la nyuma. Zungusha gurudumu la nyuma polepole kwa kulirudisha kinyume. Angalia: pedali zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma limezunguka mara ngapi? Uwe mwangalifu, usitie vidole katika mnyororo.

Maswali

1. Kwa nini injini haiwezi kuanza kazi bila kuzungushwa?
2. Hendeli iliwezaje kumvunja mtu mkono?
3. Kwa nini stata haiungui ingawa hupewa umeme mwingi?
4. Kigurudumu cha stata kina meno 9, na flaiwili ina meno 108. Kigurudumu kitazunguka mara ngapi flaiwili ikizunguka mara moja?
5. Kwa nini dereva hapaswi kuendelea kuizungusha stata kwa muda mrefu gari linapokataa kuwaka?