Ibn al-Nafis: Tabibu Aliyeijua Safari ya Damu

Mgonjwa wa sukari akianza kusumbuliwa na macho, daktari anaweza kumdunga mkononi dawa ya rangi iitwayo fluoresini, kisha akapiga picha za retina, ule utando wa nyuma ya jicho. Kwa sekunde kama 10 hadi 15 rangi imeshafika jichoni, na daktari aona mshipa gani umeziba na upi unavuja. Kipimo hiki kilitangazwa Marekani mwaka 1961.

Sasa jiulize: rangi imetoka mkononi, imefikaje jichoni? Imepita njia iliyoelezwa na Muislamu miaka 700 na zaidi kabla ya hapo.

Ibn al-Nafis alizaliwa karibu na Damascus mnamo 1213. Alisomea utabibu hospitali ya Nuri mjini humo, kisha akahamia Cairo. Huko alitibu watu na pia akasomesha fiqhi ya madhehebu yetu ya Imam Shafi.

Zama hizo matabibu walimfuata Galen wa Kiyunani, kwamba damu hupenya ukuta wa katikati ya moyo kwa vitundu visivyoonekana. Hata Ibn Sina alikubali. Mwaka 1242, akikisherehesha kitabu cha Ibn Sina, Ibn al-Nafis alisema la: ukuta ule ni mzito, hauna tundu. Damu yatoka upande wa kulia wa moyo, yaenda mapafuni kuchanganyika na hewa, yarudi upande wa kushoto, ndipo yasambaa mwilini. Hebu fikiria, alikuwa kijana wa miaka 29 tu! Aliandika pia kitabu kuhusu maradhi ya macho.

Alipougua mwaka 1288, yasimuliwa kuwa matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kama dawa. Akakataa, hakutaka kukutana na Mola wake na pombe tumboni. Nyumba yake na vitabu vyake aliviachia hospitali ya Mansuri, Cairo. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Lakini la kusikitisha, ugunduzi wake ulisahaulika na sifa zikaenda Ulaya. Ni mwaka 1924 ndipo daktari Mmisri, Muhyiddin al-Tatawi, alipoikuta nakala ya kitabu kile Berlin.

Vijana wenzangu, elimu yetu haikuibiwa, ilikaa rafuni bila msomaji. Ramadhan ndio mwezi ilipoteremka amri ya kusoma. Basi tusiishie kungoja adhana ya magharibi, tufungue vitabu pia.