Shaaban Robert na swali nililolikwepa darasani

Wanachuo wenzangu, juzi getoni kwetu hapa Ipogolo ulizuka ubishi ambao hata kelele za malori yanayopanda kwenda Mbeya hazikuuzima. Mwenzangu wa chumba anasema Shaaban Robert anasifiwa bure. Eti alikuwa karani wa wakoloni, akapokea na nishani yao ya MBE, akaandika mawaidha ya tabia njema. Sasa falsafa iko wapi hapo?

Mimi nilinyamaza. Nina deni kwa yule mzee, nitalieleza.

Shaaban Robert alizaliwa 1909 Vibambani, Machui, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa karani wa forodha, na Pangani ni mojawapo ya vituo vyake. Baadaye alihamishiwa idara ya wanyama, akarudi Tanga kufanya kazi za ofisi za serikali. Hakukanyaga chuo kikuu. Alifiwa na mkewe Amina, akamwandikia shairi ambalo wengi wetu tulilisoma shuleni. Alifariki Juni 1962, nusu mwaka tu baada ya Uhuru, akiwa na miaka 53.

Kwa hiyo ni kweli, alikuwa karani. Lakini ebu tuangalie karani huyo aliandika nini. Mwaka 1951, Mwingereza bado yupo, kilitoka kitabu chake Kusadikika, habari za nchi inayoelea angani. Humo Karama anashtakiwa kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria. Anayemshtaki ni waziri, Majivuno. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi, na kila mmoja akatupwa gerezani. Mtu anayelipwa mshahara na serikali kuuliza kwa nini watawaliwa wasiijue sheria, hayo kwangu siyo mawaidha ya tabia njema. Huko angani alikopeleka hadithi, mtawala wa duniani alijiona vizuri tu.

Hata hivyo, mwenzangu ana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Mwishoni ni mfalme yule yule anayesikia, Karama anaachiwa na wafungwa wanafunguliwa. Wananchi wenyewe hawajafanya kitu. Hapo naona Shaaban aliwaamini mno wakubwa, kwamba ukiwaeleza vizuri wataelewa. Tumkosoe, ni haki yetu. Ila mtu asiye na fikra nzito hatungebishana naye mpaka saa sita usiku.

Sasa deni langu. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa kidato cha tano, tukawa tunasoma Kufikirika, kitabu kilichochapishwa 1967 mwenyewe ameshafariki. Mnakumbuka, mwalimu wa mwana wa mfalme anataka mtoto apate na michezo, asikae na masomo ya kichwa tu. Anafukuzwa kazi. Baadaye mtoto anaumwa, na dawa inayotajwa ni kafara ya mjinga na mwerevu.

Binti mmoja akanyoosha mkono. Alitaka kujua kama mwalimu yule angefundisha shule yetu, angebaki kazini. Darasa zima likacheka, wakanitazama mimi. Nami nilikuwa na mada mbili za kumaliza kabla mkaguzi wangu hajafika. Nikamwambia hilo haliji kwenye mtihani, aandike dhamira na mifano mitatu. Akaandika. Hakuuliza tena mpaka namaliza mazoezi yangu.

Nilimfanyia yule binti kile ambacho mfalme alimfanyia mwalimu. Hilo ndilo deni langu, na halilipwi kwa kumsifu Shaaban kwenye gazeti la chuo.

Wengi wetu tunaosoma ualimu tutaajiriwa, Mungu akijalia, na tutakuwa watumishi wa serikali kama alivyokuwa yeye. Tutakuwa na mihtasari, wakaguzi na madarasa yaliyojaa. Yeye alikuwa na mkoloni juu yake, bado akapata mahali pa kuliweka swali lake. Mimi nilikuwa na dakika arobaini na ubao, nikalizima la mtoto wa watu.

Mwenzangu bado anabisha. Nimempa Kusadikika akasome upya. Mimi nimerudi kwenye Kufikirika, na safari hii nasoma nikiwa na lile swali la yule binti.