Askofu Josiah Kibira

Ninyi watoto wa Tumati, na wa vilima vingine vya Mbulu, mnajua jinsi ukoo unavyomlinda mtu. Mtoto akifiwa na baba yake, jamaa humchukua na kumlea. Mtu akiugua wakati wa kulima, wenziwe huja na majembe yao wakamlimia shamba. Ukoo ni kama boma. Lakini kila boma lina mlango, na mwenye boma aweza kumfungulia mgeni, au aweza kumwacha nje usiku. Habari hii ni ya mtu aliyelipenda boma lake, naye akalazimika kuwauliza Wakristo wa nchi nyingi kama ni haki kumfungia mlango ndugu kwa sababu ya rangi ya ngozi yake.

Mtu huyo ni Josiah Kibira. Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1925 katika kijiji cha Kashenye, katika nchi ya Wahaya, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Ni mbali sana na Mbulu. Huko chakula cha watu ni ndizi, na nyumba zao husimama katikati ya migomba na mibuni. Injili iliingia kwao kwa njia ya ajabu. Waliotangulia kuieneza katika nchi ile hawakuwa Wazungu. Walikuwa wenyeji waliojifunza kusoma huko Uganda, wakarudi kwao na vitabu, wakasoma pamoja na jamaa zao. Wamisionari wa Bethel walipofika kutoka Ujerumani mwaka 1910, walikuta watu wamekwisha kuanza kuomba.

Kibira alisoma shule, kisha akawa mwalimu. Katika siku za ujana wake Mwamsho ulikuwa umeenea kutoka Rwanda na Uganda mpaka Bukoba, naye akawa mmoja wa watu wake. Watu wa Mwamsho walikuwa na desturi moja iliyowashangaza wengi. Mtu aliyekosa hakuificha dhambi yake. Alisimama mbele ya ndugu zake, akaitaja waziwazi. Kama aliiba mbuzi, alimrudisha. Kama alisema uongo juu ya jirani, alimwendea akaomba radhi. Ndipo ndugu walipompa mkono, wakaimba pamoja naye. Desturi hiyo ni ngumu, kwa maana kila mtu huona haya kutaja kosa lake. Bali wao waliona kwamba dhambi isiyotajwa haiponi. Shikeni jambo hili katika mioyo yenu, kwa sababu tutalirudia.

Mwaka 1957 Kibira alikwenda Bethel, huko Ujerumani, kujifunza elimu ya Mungu. Mahali hapo pana chuo, tena pana nyumba nyingi za kuwatunza wagonjwa wa kifafa na watu wengine wasioweza kujisaidia. Kazi hiyo ilianza huko mwaka 1867. Basi mwanafunzi wa Bethel hujifunza kwa vitabu, na tena huona kwa macho yake kwamba ibada na kumwosha mgonjwa havitengani. Hata ninyi mmeliona jambo hili karibu nanyi, kwa maana hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ilijengwa na Kanisa kwa ajili ya watu wote, Wakristo na wasio Wakristo.

Kibira akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1960. Halafu akasafiri mpaka mji wa Boston, huko Marekani, akaongeza masomo. Wakati huo mambo makubwa yalitendeka nyumbani. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, na tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa moja. Kanisa la Bukoba lilikuwamo, na kanisa la Mbulu lilikuwamo vilevile. Tangu siku ile Mhaya na Mwiraqw wakawa watu wa nyumba moja, ingawa lugha zao hazifanani hata kidogo. Mwaka 1964 Kibira akawa askofu wa Bukoba. Aliyemtangulia, Bengt Sundkler, alikuwa mtu wa Uswidi. Sasa kiti kile kikakaliwa na mwana wa nchi. Miaka kumi baadaye akatoa kitabu juu ya Kanisa, ukoo na ulimwengu.

Mwezi wa Juni 1977 wajumbe wa makanisa ya Kilutheri ya ulimwengu walikusanyika Dar es Salaam. Fungamano lao lilianzishwa mwaka 1947 katika mji wa Lund, huko Uswidi, wala mkutano wao mkuu haukuwa umepata kufanyika katika Afrika. Marais waliotangulia wote walitoka Ulaya na Marekani. Katika mkutano huo wakamchagua Askofu Kibira, Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo.

Heshima ile ilikuja na mzigo. Katika Afrika ya Kusini, serikali ya Wazungu wachache ilikuwa ikiwatenga watu kwa rangi tangu mwaka 1948. Mtu mweusi hakuruhusiwa kukaa apendapo, wala kupiga kura ya kuchagua bunge la nchi. Namibia nayo ilitawaliwa na serikali hiyohiyo. Walutheri walikuwa wengi katika nchi hizo, nao walikuwa wametengana, Wazungu katika makanisa yao na weusi katika yao. Wengine walisema kwamba hayo ni mambo ya siasa, wala hayaihusu imani. Mkutano wa Dar es Salaam haukukubali. Ulitangaza kwamba ubaguzi ule ni jambo la imani yenyewe, na kwamba makanisa yanapaswa kuukataa waziwazi.

Miaka saba ikapita. Makanisa mawili ya Wazungu huko kusini hayakutimiza neno hilo. Basi mwaka 1984, wajumbe walipokutana tena katika mji wa Budapest, huko Hungaria, Kibira akiwa bado rais, ilibidi waamue. Shauri lilikuwa zito. Fungamano limewekwa ili kuwaunganisha watu, nalo sasa lilitakiwa kuwatenga baadhi ya wenziwe. Wakinyamaza, ndugu weusi waliokuwa wakionewa wangeona wameachwa peke yao. Wakisema, umoja ungevunjika mbele ya macho ya watu wote. Mwisho mkutano ukausimamisha uanachama wa makanisa yale mawili. Hawakufukuzwa kabisa, waliachiwa nafasi ya kurudi watakapoukataa ubaguzi.

Sasa kumbukeni ile desturi ya Mwamsho. Dhambi hutajwa mbele ya ndugu, na mwenye kutubu hupewa mkono. Je, jambo lililofanywa Budapest si lile lile lililofanywa katika mikutano midogo ya Bukoba? Kosa la kanisa halifichwi kwa sababu kanisa hilo ni kubwa au lina mali, wala mlango haupigwi kufuli mpaka milele.

Baada ya hayo Askofu Kibira aliacha kazi yake, kwa maana maradhi yalikuwa yamempunguzia nguvu. Alikufa tarehe 18 Julai 1988. Hakuiona Namibia ikipata uhuru mwaka 1990, wala hakuiona siku ya mwaka 1994 ambapo watu wa rangi zote walipiga kura pamoja katika Afrika ya Kusini. Baadaye chuo kimoja huko Bukoba kikapewa jina lake.

Ninyi mnaosoma habari hii, huenda hamtaitwa kukaa mbele ya wajumbe wa ulimwengu. Lakini katika darasa lenu yumo mtoto wa kabila jingine, au mtoto maskini asiye na nguo nzuri, ambaye wenziwe hawataki kukaa naye. Siku hiyo mlango wa boma umo mkononi mwenu. Mfungulieni.