Grace Hopper: mama aliyefundisha masini kusikia maneno ya watu

Wengi wetu tunajua kama mshahara unahesabiwa na ordinatere, lakini ni wachache wanaomjua mama huyu. Grace Hopper alizaliwa New York, Marekani, tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa na miaka 7 alifungua saa za kuamsha za nyumbani kwao, moja kisha ingine, mpaka zikafika saba, ili aone namna zinavyotembea. Mama yake alipogundua, akamwachia moja tu.

Alisoma hesabu mpaka udaktari, kule Yale, 1934, na alifundisha kwenye chuo cha Vassar. Vita ilipokuja, jeshi la maji lilimkataa: umri umepita, na kilo hazitoshi. Hakunyamaza. 1943 wakampokea kwa ruhusa ya pekee, kisha wakamtuma Harvard kwenye masini Mark I, urefu metre 15 na zaidi, uzito tani karibu 5. Amri ziliingia kwa matundu yaliyotobolewa ndani ya ukanda wa karatasi. Tundu moja likikosewa, kazi yote inaharibika.

Hopper aliona kama watu wanaandika vipande vile vile kila siku, na kila wakinakili wanakosea. 1952, akiwa tayari kwenye kampuni iliyotengeneza UNIVAC, akatoa A-0. Vipande vilivyokwisha kujaribiwa viliwekwa kwenye ukanda wa sumaku, kila kimoja na namba yake. Mtu anaandika namba. Masini yenyewe inavitafuta, inaviunga, inatoa programu nzima. Hiyo ndiyo kompilateri, sawa mkalimani kati ya mtu na masini. Wakubwa hawakuamini. Kwao ordinatere ilijua kujumlisha na kutoa, basi.

Akaendelea mbele zaidi: amri ziandikwe kwa maneno. Alipowaonyesha wakubwa, programu ile ile ilitembea kwa Kiingereza, kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Wakashtuka kabisa! Masini ya Marekani inasikiaje Kifaransa? Lakini kwa masini maneno yote ni alama tu. Pole sana hakujaribu na Kiswahili.

Sababu yake naipenda, mimi mtu wa sindikati. Alitaka karani wa mishahara naye aweze kusoma kile masini inaamriwa kufanya, sio injinia peke yake. Kwetu tunajua namna mtumikaji anavyopewa bulletin de paie na kuambiwa ordinatere ndiyo imekata, na hakuna wa kumfasiria imekata juu ya nini.

Lugha yake FLOW-MATIC ikawa msingi wa COBOL, iliyoanzishwa na kamati mwaka 1959, yeye akiwa mshauri. Desemba 1960 programu moja ya COBOL ilitembea kwenye masini za kampuni mbili tofauti. Mnunuzi hakufungwa tena na kampuni moja.

Jeshi lilimpumzisha 1966, likamwita tena 1967 kwa miezi sita. Miezi ile ilifika 1986! Alitoka na cheo cha amirali, miaka 79. Alikufa tarehe 1 Januari 1992.

Leo mwenye ordinatere ya zamani yenye Linux anaweza kuweka GnuCOBOL bila kulipa hata franga, kwa amri ya mstari mmoja, kama intaneti iko. Kompilateri hiyo inageuza COBOL kuwa lugha ya C, kisha kompilateri ya C inamalizia kazi.